JINSI YA KUCHAGUA NA KUPIMA BETRI YA REDIO NDOGO

Redio nyingi ndogo ziuzwazo siku hizi hazitumii tena mawe ya tochi, bali betri za lithiamu, ambazo hutiwa umeme tena na tena. Betri hizi zilianza kuuzwa mwaka 1991. Ni nyepesi, nazo zina nguvu nyingi. Lakini zimo sokoni nyingine za uwongo, na mnunuzi asiyejua kuzipima hupoteza fedha yake, tena huenda akaleta moto nyumbani mwake.

Kwanza, itazameni betri iliyokuja na redio. Ikiwa ni bapa, mara nyingi ni ya namna ya BL-5C, iliyotumika katika simu za Nokia. Ikiwa ni ya mviringo na ndefu, mara nyingi ni ile iitwayo 18650, maana yake upana milimita 18 na urefu milimita 65. Nunueni ya namna ile ile. Wala msitie betri ya lithiamu mahali pa jiwe la tochi, hata kama umbo lake ni sawa. Jiwe lina volti 1.5, lakini lithiamu ina volti 3.7, na redio huweza kuungua.

Pili, msidanganywe na maandishi. Tarakimu iliyo mbele ya herufi mAh huonyesha akiba ya umeme. BL-5C huwa na kiasi cha 1,000. Betri ya 18650 iliyo bora huwa na kiasi cha 3,500. Basi ile iliyoandikwa 9,900 ni ya uwongo dhahiri. Tena 18650 ya kweli huwa na uzito wa gramu 45 hivi. Iliyo nyepesi mno iacheni dukani.

Tatu, ipimeni. Itieni umeme kwa chaja ya lithiamu mpaka ijae, kisha fundi aipime kwa mita: yapasa kuonyesha volti 4.2 hivi. Iwekeni siku moja bila kuitumia, ipimwe tena. Ikiwa imeshuka chini ya volti 4, ni mbovu. Asiye na mita aifungulie redio kwa sauti ile ile ya kila siku, na kuandika saa ilizodumu mpaka kuzimika. Kisha alinganishe na betri nyingine aijuayo kuwa ni nzima. Yafaa kupatana na mwenye duka, kabla ya kulipa, kwamba betri mbovu itarudishwa.

Mwisho, betri iliyovimba, iliyotoboka, au inayopata moto sana isitiwe umeme kamwe. Msiitoboe wala kuitupa motoni. Na wakati wa kutia umeme, iwekeni juu ya sakafu ya saruji au jiwe, mbali na godoro na watoto, wala msilale na kuiacha.