Tagi la mbao lililoingiza fedha kwa miaka 79

Kila mwenye lori, boti au mashine ya kusaga iliyozeeka hufika mahali pa kuamua: auze kama chuma chakavu, au atie mtaji mpya ndani ya mali kuukuu. Mwaka 1934 uamuzi huo uliikabili kampuni ya Foss ya Tacoma, katika jimbo la Washington, Marekani. Mali yenyewe ilikuwa tagi la mbao lenye umri wa miaka 45, na mdororo wa uchumi ulioanza 1929 ulikuwa haujakwisha.

Tagi hilo, lenye urefu wa futi 120 hivi, liliundwa Portland, Oregon, mwaka 1889 na kupewa jina la Wallowa. Mmiliki alikuwa kampuni ya reli, Oregon Railway and Navigation. Reli na tagi wapi na wapi? Jibu liko mlangoni mwa mto Columbia, ambako mkondo wa mto hupambana na mawimbi ya Pasifiki juu ya mafungu ya mchanga. Meli za matanga zilizofuata ngano na mbao ziliweza kukaa nje siku nyingi zikingoja upepo. Meli isipoingia, ngano hulala ghalani na reli hukosa mzigo. Tagi lilizipokea meli hizo baharini, likazivuta hadi ndani, na kuzitoa tena zikiwa zimepakia.

Mwaka 1898, wakati wa mbio za dhahabu za Klondike, soko lilihamia kaskazini na tagi likalifuata, likivuta matishari kwenda Alaska. Baadaye lilishika kazi isiyo na sifa ila yenye mteja wa kudumu: kuvuta magogo katika Puget Sound kupeleka kwenye viwanda vya kupasua mbao. Foss ililinunua mwaka 1929. Kampuni hiyo nayo ilianza 1889, pale mama mmoja mhamiaji kutoka Norway, Thea Foss, aliponunua boti ya makasia kwa dola 5 na kuiuza kwa faida. Mwaka 1933 hata watengeneza sinema wa MGM walilikodi tagi kwa filamu ya Tugboat Annie.

Turudi kwenye uamuzi wa 1934. Injini ya mvuke ilitolewa, ikawekwa ya dizeli ya nguvu za farasi 700 kutoka Washington Iron Works ya Seattle, na tagi likaitwa Arthur Foss. Hesabu si ngumu kuifuata. Boila huwashwa saa nyingi kabla ya safari na hula kuni au mafuta hata chombo kinapongoja kazi. Wanaoichochea hutaka mshahara na chakula. Dizeli huwashwa kazi ikipatikana. Kasoro ilikuwepo: injini hiyo haina giaboksi. Ili kurudi nyuma huzimwa, kisha huwashwa upya kwa hewa iliyoshindiliwa ili izunguke kinyume, nahodha akipeleka amri kwa mhandisi aliye chini. Bandarini penye msongamano ni usumbufu, na hewa inaweza kuisha. Kwenye safari ndefu ya kuvuta tishari si hasara.

Safari ndefu zilikuja. Mwaka 1941 tagi lilikuwa kisiwani Wake, Pasifiki, likihudumia ujenzi wa kituo cha jeshi la majini la Marekani. Liliondoka Desemba, saa chache kabla ya ndege za Japani kushambulia. Kisiwa kilitekwa tarehe 23 mwezi huohuo. Jeshi likalichukua, likaliita Dohasan, na baada ya vita likarudi kwa Foss kuvuta magogo.

Lilistaafishwa mwaka 1968. Mwaka 1970 Foss haikuliuza, ililitoa bure kwa Northwest Seaport, shirika la kuhifadhi vyombo vya kale mjini Seattle, na mwaka 1989 serikali ikalitambua kuwa alama ya kitaifa ya historia. Tangu hapo haliingizi nauli. Katika maji baridi ya Lake Union limeepukana na wadudu wa baharini watoboao mbao, lakini mvua huozesha sitaha kutoka juu, na kalafati bado hudai fundi na fedha za wafadhili.