Diski Isiyokiri Kosa
Mto Kagera unazalisha umeme hapo Murongo, megawati 14 ambazo Tanzania na Uganda zinagawana nusu kwa nusu, lakini mwenye seva moja ofisini, awe wa ushirika wa kahawa au wa zahanati, bado hupanga kazi zake akijua umeme utakatika. Ndiyo maana mfumo wa faili huchaguliwa kwa kuuliza upi utastahimili kukatika huko. Swali hilo lilishajibiwa zamani: ext4, iliyokomaa mwaka 2008, huweka daftari la mabadiliko, na umeme ukirudi hujipanga upya kwa muda mfupi. Hatari kubwa zaidi ni diski inayorudisha data mbovu bila kulalamika, jambo ambalo watafiti wa CERN walilikuta kwenye seva zao mwaka 2007. Biti moja tu ikigeuka, kilo 480 za kahawa ya mkulima zinasomeka 416. ext4 haikagui yaliyomo ndani ya faili, hivyo haitajua. Na nakala rudufu ya usiku italibeba kosa hilo, mpaka nakala nzima ya mwisho ifutwe kupisha mpya.

Kwa hiyo naipa nafasi ya kwanza ZFS, ambayo Sun Microsystems iliifungua kwa umma mwaka 2005. Kila bloku ina namba yake ya ukaguzi. Namba isipolingana, data safi huchukuliwa kutoka diski pacha na ile mbovu husahihishwa. Wanaosema inakula RAM wanatia chumvi: ulaji mkubwa hutokana na kuunganisha bloku zinazofanana, na kipengele hicho si lazima kukiwasha. Pingamizi la leseni lina uzito zaidi. Kwa sababu ya leseni yake, ZFS haimo ndani ya kerneli ya Linux, na kerneli mpya inaweza kuiacha nyuma kwa muda. Kama fundi yuko mbali, tuseme Bukoba, basi Btrfs, mfumo kama huo uliomo ndani ya kerneli tangu 2009, ni chaguo la busara kwa diski mbili pacha. (Bcachefs, mfumo mwingine wa aina hii, iliingia kwenye kerneli 2024 ikaondolewa 2025, tuiache kwanza.)

Lakini diski pacha si nakala rudufu, kwani mwizi hubeba zote mbili. ZFS na Btrfs zinaweza kutuma mahali pengine bloku zilizobadilika tu tangu jana, na hilo linafaa sana pale intaneti inaposuasua. Nakala ya kwanza, ambayo ndiyo nzito, ipelekwe huko, tuseme mji wa Kayanga, kwa diski. Za kila usiku zipite hewani.