Pesa Inayoishia Mchangani: Tengeneza Kigari cha Kubebea Boti Yako

Wadau wa pwani, leo tupige hesabu ambayo wengi hamuiandiki kwenye daftari: pesa ya kusukuma chombo.

Mfano tu. Una mtumbwi au kiboti cha faiba. Vijana wanne, buku kila mmoja kushusha, buku tena kupandisha. Hiyo ni 8,000 kwa siku. Ukitoka siku 20 kwa mwezi, 160,000 imekwenda. Bado hujahesabu faiba inayolika chini kila ikiburutwa. Na bamvua nalo halina huruma: maji hupanda na kushuka karibu mita 4, ukichelewa kukusanya watu chombo kinabaki kimekaa juu, mteja wako keshanunua kwa mwingine.

Kigari cha magurudumu mawili anakutengenezea fundi wa kuchomea hapo mtaani. Ekseli moja, fremu ya kushika mkuku, vipande vya tairi kuukuu juu yake ili chuma kisikwaruze boti.

Sasa, watu wengi wanaliwa kwenye tairi. Wanafunga za baiskeli kwa sababu ni rahisi kupata. Kwenye lami raha, kwenye mchanga laini zinazama kama kisu, mwisho unawaita vijana walewale. Mchanga unataka tairi nene. La gari dogo lililochoka linafaa kabisa, ila punguza upepo mpaka lilale kidogo, uzito utandazike. Ukipita barabarani, jaza tena.

Ekseli ikae chini ya uzito, siyo katikati ya urefu. Injini ikiwa tezi, uzito uko nyuma, ekseli nayo irudi nyuma. Jaribu hivi: shika omo uinue. Ikikuvunja mgongo, sogeza kigari mbele. Omo ikiruka juu yenyewe, kirudishe nyuma. Ukiona imekaa vizuri, piga alama ya rangi ubavuni, kesho hupotezi muda. Kisha funga kamba mbele na nyuma.

Wakati wa kurudi usibebe chombo kukipandisha. Ingiza kigari majini, eleza boti juu yake, funga, vuta. Tairi zenye upepo zinaelea, kwa hiyo mmoja akikanyage kigari mpaka boti ikae.

Chumvi ndiyo adui. Kila siku kioshe kwa maji baridi na upake grisi kwenye beringi, la sivyo zitakwama mapema sana.

Wale vijana usiwafukuze wote. Kigari bado kinataka watu wawili watatu, na mteremko ukiwa mkali waweke nyuma washike kamba, boti isiwakimbie.

Kuchangia kigari kimoja? Baharini ni ugomvi, maji yakijaa wote mnataka kutoka saa ileile. Walioko Ziwa Victoria hawasubiri maji kujaa, wenye viboti watatu wanaweza kuchanga wakapeana zamu.