Dogo halali usiku, na si utundu: ni figo

Sisi wengine tukikesha ni juu ya simu, bando ya usiku na "nimalize hii moja tu." Lakini kuna watoto mtaani wanaokesha kwa sababu figo zao zimechoka, na asubuhi wanaitwa wavivu.

Figo nzima hubana maji usiku, mkojo unakuwa mchache na mzito, ndiyo maana wewe unalala hadi alfajiri. Figo mbovu haziwezi hiyo kazi. Mtoto anaamka mara tatu, nne, ama analowesha godoro akiwa na miaka kumi. Halafu anachapwa. Yaani unamchapa mtu kwa kuugua.

Kuna pia mwasho, maana uchafu uliofaa kutoka unabaki kwenye damu. Lakini kinachosumbua vibaya zaidi, naona mimi, ni miguu. Akijilaza tu, anahisi kama kuna wadudu wanatambaa ndani ya miguu, na hapati nafuu mpaka aisogeze ama asimame. Ukimuuliza hajui hata aelezee vipi. Shida hii huendana sana na upungufu wa madini ya chuma, kitu cha kawaida kwa wagonjwa wa figo.

Hapo ndipo duka la dawa hutuponza. Dawa za mzio za kitambo kama Piriton, ambazo wengi huwapa watoto ili wasinzie, zinaweza kuzidisha hiyo shida ya miguu. Vidonge vya chuma navyo si vya kukisia. Damu ipimwe kwanza.

Wale wanaosafishwa damu kwa mashine wana mchezo mwingine: wanasinzia mchana kutwa kitandani hospitalini, usiku macho makavu.

Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12. Asipopata, kichwa kinadondoka darasani, mwalimu anawaka. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni 2001, lakini tunajuana.

Kliniki huuliza presha, uzito, vipimo vya damu. Usingizi husahaulika, na mzazi hataji. Wewe unayelala naye chumba kimoja ndiwe shahidi. Andika kwa simu wiki moja: amelala saa ngapi, ameamka mara ngapi, anakoroma, pumzi inakatika, miguu inarukaruka? Mpe mathe aende nayo kwa daktari.