Ndoa Moja, Boding Pasi Mbili

Kwetu Tanga, safari ya kwenda Muscat au Dubai huanza na basi. Unadamka alfajiri, unapita Segera na Chalinze, unakutana na foleni za Dar, na mpaka unaingia JNIA umeshachoka kama mtu aliyekuna nazi za harusi nzima. Wengine hupitia Horohoro wakapandie Mombasa, wengine huvuka maji kwenda Unguja. Njia yoyote utakayochagua, mnafika kaunta mmechoka wote wawili, na hapo ndipo mnakabidhiwa vile vikaratasi viwili.

Sasa tazama anachofanya bwana. Anakusanya kila kitu, pasipoti zote na boding pasi zote, anatia kwenye mfuko wa koti. Si ubaya, ndivyo alivyomwona baba yake akifanya. Na bibi anajisikia vizuri, kashikiwa, anatembea na mkoba wake tu. Dada yangu, mimi nakwambia omba yako. Iombe palepale kaunta, kwa upole, kabla hamjafika kwenye ukaguzi.

Mwaka 2023 nilikuwa kwenye foleni ya ukaguzi, sisemi uwanja gani. Mbele yangu wapo maharusi, hina ya bibi bado imekoza mpaka viwikoni. Bwana kavua koti, kaliweka kwenye trei, trei imeingia kwenye mashine. Bibi akapita mlangoni bila shida. Bwana alipopita mlango ukalia, akarudishwa akavue mkanda wa suruali. Wakati huohuo lile koti nalo likawekwa pembeni, kuna kitu ndani yake kimetiliwa shaka. Upande wa pili bibi kaulizwa boding pasi yake.

“Anayo mume wangu.”

“Yuko wapi?”

Mume yuko nyuma, kashika suruali isimvuke. Koti liko mezani na halipaswi kuguswa. Na safari yao ndiyo inatangazwa kwa mara ya mwisho. Bwana akapaza sauti, “Si nilikwambia usitangulie?” Na bibi, mbele ya watu wote wale, “Na mimi si nilikwambia nipe yangu?” Ndege waliiwahi, nilikuwa nayo hiyohiyo. Nilikaa safu moja nyuma yao, na mpaka tunashuka sikumwona mmoja akimgeukia mwenzie. Fungate hiyo, jamani!

Tatizo la mambo haya ni kwamba ukaguzi huwatenganisha watu. Mnaingia wawili, lakini mnakaguliwa mmojammoja, na hakuna anayejua nani atatoka kwanza. Wewe una bangili za dhahabu, yeye ana saa na funguo. Asiye na karatasi yake mkononi hana la kujieleza mpaka mwenzie aachiwe. Kwa mwanamke aliyezoea kushikiwa kila kitu, hizo dakika tano anajiona kama mtoto aliyepotea sokoni.

Na kushika yako si kazi. Ule mlango unatafuta chuma, karatasi hailii. Ipitishe mkononi, au kwenye mfuko wa shati, au wa kanzu kwa wazee wetu wa Ijumaa. Baibui mara nyingi halina mfuko, ndiyo maana akina mama wengi huitia kwenye mkoba, na mkoba unaingia kwenye mashine. Ikibidi iwe huko, funga zipu. Usiilaze peke yake kwenye trei, maana yale mapazia ya mashine hunasa vikaratasi. Kwenye viwanja vikubwa vya nje kuna mashine za kumulika mwili mzima, huko mfuko unatakiwa uwe mtupu kabisa, hata karatasi isiwemo. Hapo inyooshe umwoneshe afisa, ufanye atakavyokuelekeza.

Mtasema siku hizi iko kwenye simu. Sawa, lakini simu nayo inawekwa kwenye trei! Imeondoka mkononi mwako kama lile koti. Na ikizima chaji je? Mimi huomba ya karatasi hata kama nimeshajiandikisha kwa simu, na sioni haya.

Ikipotea, usianze kupekua mizigo hadharani na kulaumiana. Mwambie mfanyakazi wa ndege aliye karibu, pasipoti mkononi, wakuchapishie nyingine. Ila fanya haraka, kwa sababu safari nyingi za nje kaunta hufungwa saa moja hivi kabla ya kuruka.

Halafu wale wa kupiga picha. Boding pasi mbili, vikombe viwili vya kahawa, “mimi na baby wangu”, moja kwa moja Instagram. IATA iliyataka mashirika yahamie kwenye boding pasi za mistari ya kusomwa na mashine ilipofika mwisho wa 2010, na mistari hiyo ina jina lako, safari yako na namba ya buking. Kwa mashirika mengi, jina la ukoo na namba hiyo vinatosha kumfungulia mtu buking yako mtandaoni, akabadilisha siti, au akagusa tiketi yako ya kurudi. Ukiwa na mtu mliyeachana vibaya, mfikirie huyo kwanza. Piga picha kahawa.

Pale kiwanja chetu cha Tanga, kwa ndege ndogo za kwenda Pemba na Unguja, mambo ni mengine. Mara ya mwisho nilipewa kadi ngumu ya plastiki, imetumika mpaka kingo zimelika, haina jina wala namba ya siti, na unairudisha unapopanda. Siti unajichagulia, na safari yenyewe hadi Pemba haifiki nusu saa. Hapo mkitaka kubadilishana kadi, badilishaneni.