Santuri Kumi na Moja Zapewa Alama Upya Kamembe

Mjini Kamembe, wilayani Rusizi, katika nyumba moja ambayo kutoka barazani pake huonekana maji ya Ziwa Kivu na paa za Bukavu ng'ambo, mna kasha la mbao lenye santuri 11 za muziki wa roki. Mwenye kasha ni dereva wa malori aliyestaafu, ambaye mwanawe wa kiume ni askari polisi. Mwaka huu mjukuu wake alichaguliwa kwenda shule ya bweni, na fedha za karo hazikutosha. Kijana mmoja mkusanyaji wa santuri akaja kutoka Kigali, akalitazama kasha, akasema yuko tayari kununua.

Mzee hakukubali kuuza kwa pupa. Aliomba wiki mbili azisikilize zote upya, pamoja na mkewe, na kila moja ipewe alama kuanzia 1 hadi 10. Itakayopata chini ya 7 ingeuzwa. Sharti hilo walikubaliana mezani, mbele ya mjukuu.

Mtu atauliza muziki huo wa kizungu ulifikaje huko. Mzee alivuka mto Rusizi mwaka 1961 akiwa mgongoni kwa mama yake, familia ilipokimbilia Bukavu, naye akarudi Rwanda mwaka 1994. Katika ujana wake, nchi ya ng'ambo ikiitwa Zaire, Bukavu ilicheza rumba usiku na mchana. Lakini walikuwapo vijana waliopenda gitaa lenye kelele, wakinunua santuri kwa Wazungu waliokuwa wakifunga virago kurudi kwao Ulaya. Zote 11 zilipatikana kwa njia hiyo, isipokuwa moja.

Kabla ya kuzipiga ilibidi kuziosha, na hapa wenye santuri nyumbani wangefaa kuzingatia. Mke wa mzee alitumia maji safi ya baridi yenye tone moja la sabuni ya vyombo na kitambaa laini cha pamba, akifuata mzunguko wa mifereji wala si kuikatiza, na akijihadhari asiloweshe karatasi ya katikati. Kisha alizisimamisha kivulini zikauke. Santuri huwekwa wima kama vitabu. Zikilazwa moja juu ya nyingine hupinda kwa uzito, na zikipigwa na jua plastiki hulegea. Moja ya hizo 11 iliachwa dirishani miaka mingi iliyopita, na sasa ina mawimbi kama ziwa siku ya upepo. Hiyo haikupewa alama. Sindano nayo ilikuwa imechakaa ikabadilishwa, kwani sindano butu huchimba mifereji na kuharibu kile ambacho mtu anadhani anakihifadhi.

Ya kwanza kupigwa ilikuwa "Machine Head" ya bendi ya Deep Purple ya Uingereza, iliyotoka mwaka 1972. Mzee ana nakala mbili. Waingereza hao walikwenda Montreux, mji wa Uswisi ulio kando ya ziwa, Desemba 1971, ili warekodi ndani ya jumba la starehe la hapo. Lakini jumba hilo likaungua moto wakati wa onyesho la mwanamuziki mwingine, Frank Zappa, baada ya mtu mmoja kufyatua fataki hadi darini. Moshi ulitanda juu ya ziwa, na kutokana na moshi huo ukatungwa wimbo unaojulikana kuliko yote ya bendi hiyo. Hatimaye walirekodi katika hoteli iliyokuwa tupu kwa msimu wa baridi, mitambo ikiwa ndani ya lori lililoegeshwa nje. Lori hilo ndilo linalomfurahisha mzee. Alama 9, nakala ya pili iuzwe.

Lori hilo hilo, mali ya The Rolling Stones, lilitumika pia katika santuri ya nne ya Led Zeppelin, iliyotoka Novemba 1971 bila jina wala maandishi juu ya jalada. Mkewe alipousikia upande wa kwanza aliuliza, "Mzee, huu ni muziki au ni gari linalopanda mlima na mzigo wa saruji ya Bugarama?" Mzee akajibu kwamba gari lipandalo mlima na mzigo ndilo lililowalisha. Alama 8.

Wenye lori wenyewe, The Rolling Stones, hawakufanya vizuri. "Sticky Fingers" ya mwaka 1971 ina zipu halisi ya chuma kwenye jalada lake, na zipu hiyo imeikwaruza santuri iliyokaa jirani kwa miaka yote. Mtu anaweza kusema jalada si muziki, lakini mzee alihesabu uharibifu, akatoa 6. "Goats Head Soup" ya 1973 ilipata 5. Johnny Hallyday, Mfaransa aliyezaliwa na baba Mbelgiji, na aliyefariki mwaka 2017, naye alipewa 5. Mke alisema huyo anapiga kelele kama mtu aliyeibiwa mbuzi.

"The Dark Side of the Moon" ya Pink Floyd, ya mwaka 1973, iliwagawanya. Huanza kwa mapigo ya moyo na kumalizia kwa hayo hayo, na kati yake saa nyingi hulia kwa pamoja ghafla. Mjukuu alikurupuka kitandani. Santuri hiyo ilikaa katika orodha ya mauzo ya Marekani jumla ya wiki 741 kati ya mwaka 1973 na 1988. Mke alitoa 4, mzee 10, wakaandika 7. Ni hukumu ya hakimu aliyechoka, lakini santuri ilisalimika.

"A Night at the Opera" ya Queen, ya mwaka 1975, iliokolewa na mke. Yeye ni mzaliwa wa Bugarama, katika nyumba ya Waislamu, na alipousikia ule wimbo mrefu wa karibu dakika 6 alitambua humo neno la Kiarabu ambalo kwao hutamkwa kabla ya kula. Mzee akamweleza kwamba mwimbaji, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946, na jina lake la kuzaliwa lilikuwa Farrokh Bulsara. "Basi ni wa kwetu," akasema mama, na 7 ikawa 8.

Iliyopata 10 kwa wote wawili ni "Abraxas" ya Santana, ya mwaka 1970. Carlos Santana alizaliwa Mexico, na mmoja wa nyimbo zilizomo ni wa Tito Puente, bingwa wa dansi za Kikuba jijini New York. Rumba ya Kongo nayo ilikulia katika santuri za Kikuba. Kwa hiyo sikio la Bukavu halihitaji kufundishwa. Mama aliinuka akacheza na mwiko mkononi.

Ikabaki moja. Ni santuri ya kwanza ya Osibisa, bendi iliyoanzishwa London mwaka 1969 na Waghana. Ilitoka mwaka 1971, na juu ya jalada wamechorwa tembo wenye mabawa ya wadudu. Nyuma ya jalada pameandikwa kwa kalamu jina la mtu mwingine. Mwenye jina alikuwa fundi cherehani wa Kamembe, rafiki wa mzee. Walizoea kuazimana santuri kwa kuzivusha darajani ndani ya mfuko wa unga. Hii iliazimwa mwaka 1989 haikurudishwa. Fundi aliuawa Aprili 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi.

Mzee aliisikiliza mara mbili. Ngoma aliziona nzuri, filimbi ndefu mno. Akatoa 6, maana aliapa kutoa haki. Kwa sharti lao ilipaswa kuuzwa, na ndiyo hasa kijana wa Kigali aliyoitaka kuliko zote, akatoa bei iliyokuwa kubwa kupita nyingine. Mjukuu akakumbusha sharti. Babu akamjibu, "Yangu nitauza. Hii si yangu."

Bila hiyo karo ilipungua. Siku iliyofuata mzee alitoa Led Zeppelin yake yenye alama 8, akaiongeza juu ya zile nne, hesabu ikatimia. Mkewe hakusema kitu kuhusu saruji.

Dada wa marehemu angali anaishi Kamembe. Mzee alimpelekea santuri ya kaka yake, ikiwa imeoshwa na kufungwa katika kitambaa. Mama huyo aliusoma mwandiko kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba kwake hamna gramafoni, hivyo ikae pale ilipokaa, naye atakuja kuisikiliza. Amekwisha kuja Jumapili mbili. Ya pili aliomba upande wa pili urudiwe.