Mafuta Mazito Si Dawa ya Injini Kuukuu

Kuna agizo moja lisilokosa kusikika katika gereji za Nairobi, kuanzia Barabara ya Kirinyaga katikati ya jiji hadi Kangemi na Kawangware upande wa magharibi: gari likizeeka, litie mafuta mazito. Walimu wengi, ambao magari yao yamekwisha kupita kilomita 200,000, hulitii agizo hilo bila kuuliza swali. Nami, ambaye kazi yangu ni kuchunguza maneno, naona kwamba tatizo linaanzia katika neno "mazito" lenyewe.

Katika Kiswahili uzito aghalabu ni sifa. Uji mzito hushibisha, na hoja nzito hushinda mjadala. Basi mtu akiambiwa kuwa mafuta ni mazito, moyo wake humwambia kuwa yana nguvu. Lakini tarakimu zilizoandikwa kwenye mkebe hazipimi uzito wala nguvu. Zinapima mnato, yaani jinsi mafuta yanavyokataa kutiririka. Asali ina mnato kuliko maji, ila hakuna atakayeitia katika injini.

Tuchukue 20W-50, mafuta yanayopendwa sana na mafundi wetu. Herufi W ni kifupisho cha neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi. Tarakimu iliyoitangulia hueleza tabia ya mafuta injini ikiwa baridi: inapokuwa ndogo, mafuta hutiririka upesi zaidi. Tarakimu ya pili hueleza mnato wake yakishafika nyuzi 100 za Selsiasi, injini ikiwa imechemka.

Mbona jambo hili litushughulishe? Kwa sababu injini huumia sana wakati wa kuwashwa. Ikilala usiku kucha, mafuta hushuka chini. Alfajiri, mwalimu wa Uthiru au Dagoretti anapoliwasha gari lake, vyuma vya juu husuguana mpaka pampu iyafikishe mafuta huko. Ni kweli kwamba baridi yetu ya Julai si ya kugandisha maji kama ya Kanada. Hata hivyo, mafuta yenye mnato kupita kiasi hukawia, na chuma hupunguka kidogo kila asubuhi. Bandubandu huisha gogo.

Isitoshe, injini nyingi za Toyota zenye mtambo wa VVT-i hutumia msukumo wa mafuta hayo hayo kurekebisha wakati wa kufunguka kwa vali, nayo hupitia vijia vyembamba. Aliyeziunda alikadiria nafasi hizo kwa mafuta ya mnato maalumu.

Je, mafuta yenye mnato zaidi hayana nafasi kabisa? Yanayo. Gari lililokwenda mbali likianza kula mafuta, yafaa kupanda daraja moja, mathalan kutoka 5W-30 hadi 5W-40, maadamu kitabu cha gari kinaruhusu. Yapo pia mafuta yaliyotengenezewa magari ya aina hiyo, yenye viungo vya kulainisha sili za mpira zilizokakamaa. Lakini moshi wa samawati ni dalili ya ringi au sili za vali zilizochakaa. Mnato huweza kuificha dalili hiyo, hauuponyi ugonjwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Msomaji asiishie kwenye tarakimu. Atazame pia herufi za API: S ni ya injini za petroli, C ni ya dizeli. Herufi inayofuata S hupanda kwa mpangilio wa alfabeti. SF yalikusudiwa magari ya 1988 na ya kabla yake. SN yalikuja 2010, na SP 2020. Kitabu cha gari kikiwa cha Kijapani, kama ilivyo kwa magari mengi tunayoagiza, tarakimu na herufi hizo hazihitaji mkalimani. Tena, gari linalokwama katika msongamano wa Waiyaki Way haliongezi kilomita, ilhali injini yake inazunguka. Kwa hiyo mafuta yabadilishwe kwa kuhesabu miezi pia, na kiasi chake kipimwe kila wiki.

Katiba yetu ya 2010, katika Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari za kumwezesha kufaidi bidhaa. Kifungu cha 7 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Hata hivyo, mikebe niionayo madukani huzungumza Kiingereza tu, na mnunuzi hubakia na tafsiri ya fundi: mazito, mepesi. Neno mnato tunalo tayari. Mwalimu wa fizikia na mwalimu wa Kiswahili wakilifundisha kwa pamoja, mwanafunzi wao atakayekuwa fundi atamwomba mteja kitabu cha gari kabla ya kufungua mkebe.